Kona ya Kushoto, Chini

Ewoi hakunisalimu. Baada ya miaka kumi na moja ya kutopokea simu zangu, mwezi uliopita alipiga yeye mwenyewe, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa mahali ninapokaa siku zote, akasema, "Ata ametuacha. Tunazika Jumamosi. Una picha yake yoyote?" Ata kwa Kiturkana ni nyanya, na huyo alikuwa nyanya yake, si wangu, ingawa wote waliomjua kule Kakuma walimwita hivyo hivyo. Nikamwambia sina. Nikasikia mbuzi upande wake wa simu, kisha akasema, "Hata ile?" Nilijua anasema ipi. Imetundikwa ukutani mbele yangu, kwenye fremu ya mbao, mto mkavu na vilima na anga iliyonyooka kama imepigwa rula, na chini yake maandishi ya kalamu nyekundu yaliyofifia: KAZI SAFI. Ata hayumo ndani ya picha hiyo. Ewoi anajua hayumo, na anajua kwa nini hayumo. "Hata hiyo," akasema. "Lete." Akakata.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha, na feni. Vijana wenzangu Lodwar walikuwa mbioni. Kaunti ilikuwa mpya, mashirika yalikuwa yanaajiri, magari meupe yaliingia mjini na vumbi la Kitale yakatoka na vumbi letu, na kila mtu alitembea na bahasha ya vyeti kwapani. Mimi nilitembea kutoka chumba changu cha kupanga Nawoitorong hadi kwenye kiti changu, na jioni nikarudi. Kiti kilikuwa nyuma ya hoteli ya Mama Nekesa, mtu wa Bungoma aliyekuja Lodwar kuuza chapati akaishia kuuza chapati na video za harusi. Studio aliyonifungulia ilitenganishwa na jiko lake kwa plaiwudi nyembamba, kwa hiyo nilihariri mabibi harusi huku nikinusa samaki mkavu wa Kerio, na mpaka leo nikiona gauni jeupe pua yangu inasikia samaki. Feni ilielekezwa kwenye kompyuta, si kwangu, maana kompyuta ikipata joto ilizima bila kuaga. Nilijifunza kukaa kiubavu ili nipate upepo uliobaki. Kupitia plaiwudi niliwasikia wateja wakiuliza, "Huyo mtu wa ndani huwa anatoka saa ngapi?" na Mama Nekesa akijibu, "Huyo akitoka mvua inanyesha." Walicheka, kwa sababu jina langu ni Ekiru, jina la aliyezaliwa mvua ikinyesha, na kusema kweli hiyo mvua ndiyo shughuli ya mwisho ya nje niliyohudhuria kwa hiari yangu. Nilikuwa mtoto wa Turkana ambaye hajawahi kufika Kakuma, mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Nilikuwa nimeiona kwenye video za harusi, nikadhani inatosha.

Ewoi alikuwa kinyume changu. Sekondari tulikalia dawati moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta, na hakuna aliyewahi kuomba tubadilishane. Mwaka ule alikuwa Kakuma, akitafsiria shirika moja lililotaka ardhi ya kujenga maghala karibu na mto Tarach. Siku aliyoingia studio na diski ya kompyuta kwenye mfuko wa karatasi wa sukari, alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Ejok, Bwana Kiti," alinisalimu.

"Ejok noi. Umekonda."

"Wewe umenenepa kwa niaba yetu wote. Hicho kiti kimeshakuzalia au bado?"

Alikaa chini sakafuni, akaletewa chapati na maharagwe, na akala huku akinieleza, kwa sababu Ewoi hakuwahi kueleza jambo bila kitu mdomoni. Ardhi ile ya kando ya mto ilikuwa na watu wake. Si watu wengi, na si wa kuonekana kwa urahisi, maana pale nyumba ni matawi na ua ni miiba, na mali kubwa ni ile tunayoiita ekwar, yaani kipande cha ukingo wa mto chenye migunga ambayo maganda yake yanaliwa na mbuzi wa nyumba moja na si nyingine. Hakuna bango wala waya. Kila mtu anajua tu. Shirika lilikuwa limekubali kutomsogeza mwenye nyumba yeyote, lakini kwanza lilitaka kujua nyumba ziko wapi. Karani wa kwanza aliandika majina, yakawa majina ya shemeji zake. Karani wa pili akaandika mengine, yakawa ya wajomba zake. Watu wakaanza kutembea na fimbo kwenda mkutanoni. Ndipo mzee mmoja wa kamati ya wenyeji, Apa Lokol, aliposikia kwamba shirika linaleta mtu wa Nairobi mwenye mashine ya kuruka yenye kamera, akasema huyo ndiye karani anayemtaka. "Ndege haina ukoo," alisema. "Haijaoa kwa mtu. Itakachokiona kitakaa. Isichokiona hakipo." Wote wakapiga makofi, wa ukoo huu na wa ukoo ule, na jambo likafungwa hivyo. Picha zingeonyeshwa mbele ya watu wote kwa kitambaa kikubwa, na nyumba itakayoonekana isingeguswa.

"Na ya Ata ipo?" nilimuuliza, kwa sababu sekondari nzima tulikula njugu zilizotoka kwa Ata.

"Ipo. Klipu ya mwisho. Kona ya kushoto, chini. Shida si hiyo. Shida ni dunia imelala."

Alikuwa sahihi. Nilifungua klipu ya kwanza na dunia ilikuwa imelala. Vilima vilianza juu upande wa kushoto vikashuka kulia, anga ikawa kama shuka iliyovutwa na mtu mmoja kitandani. Nilifungua ya pili, hivyo hivyo. Klipu kumi na nne, zote zimeinama upande mmoja, kwa kiasi kile kile. Mwenye mashine, kijana wa Nairobi aliyeitwa Brayo, alikuwa amejaribu kuzinyoosha kwa laptopu yake ikamshinda, na mtu akamwambia kuna mgonjwa mmoja Lodwar ambaye haoni jua na anajua kompyuta. Mgonjwa alikuwa mimi. Nilichukua uzi mweusi kwenye kopo la kushonea la Mama Nekesa, nikauvuta kutoka ukingo huu wa skrini hadi ule, nikaubandika kwa selotepu, nikapima pande zote mbili kwa rula kutoka chini. Huo ndio ulikuwa upeo wangu wa macho, uzi wa kushonea vifungo. Kisha nikazungusha picha kidogo kidogo mpaka vilima vikalala juu ya uzi. Digrii nne. Sitasahau ile namba, kama watu wengine wanavyokumbuka siku ya ndoa.

Nilifanya na kitu kingine ambacho, kwa mtu asiyetoka ndani, kilinipa kiburi kikubwa. Nilitazama mwanzo wa kila klipu, zile sekunde kabla mashine haijapaa, ambazo wahariri wote hukata bila kuangalia. Na mwanzoni mwa kila klipu nikaona bati jeupe. Nikamwita Ewoi. "Hii ni nini?"

"Boneti ya Landkruza. Hataki kuiweka chini, anasema vumbi litaingia kwenye mota. Gari inasimama pale kwenye mteremko wa mto, ndege inawashwa juu ya boneti."

Nikacheka mpaka Mama Nekesa akagonga plaiwudi. Mashine ile ikiwashwa inajiuliza, hapa nilipo ndipo sawa? Ukiiwashia kwenye boneti iliyoinama, itaamini boneti kuliko dunia, na itaenda angani ikiwa imeinamisha shingo kwa ujasiri wote. Dawa ilikuwa sinia. Ukiweka sinia chini, ukatia maji kidogo, ukaisogeza mpaka maji yakae sawa pande zote, kisha ukayamwaga ukaweka ndege hapo, dunia inanyooka yenyewe bila mtu wa Lodwar na uzi wake. Ewoi aliacha kutafuna. Alisema, na nakumbuka alisimama kulisema, "Twende kesho. Kuna gari ya shirika saa moja. Umwambie Brayo hivyo hivyo ulivyoniambia, arushe tena. Mimi hanisikii, mimi ni wa kubeba mabegi. Wewe ni fundi."

Nilimwambia nina harusi ya kumalizia. Ni kweli kulikuwa na harusi, ya watu wa Kalemng'orok, lakini hakuna aliyekuwa ananikimbiza. Nilimwambia barabara si salama. Nilimwambia mgongo. Ewoi alisikiliza sababu zote tatu akazitazama kama mtu anayetazama nguo za mitumba, akijua zote zimeshavaliwa.

"Sema ni feni."

"Si feni."

"Sawa. Basi mwandikie." Nikaandika ujumbe, nikaeleza sinia na maji, na Brayo akajibu kwa neno moja, "Poa," ambalo kwa vijana wa Nairobi ni namna ya kufunga mlango. Hakurusha tena. Ewoi alirudi Kakuma na gari ile ya saa moja, na kabla hajaondoka alikuja studio kunikumbusha, akiwa nusu ndani nusu nje, "Klipu ya mwisho. Ata yuko pale mwishoni mwishoni, betri ilikuwa inaisha, ndege ikageuka. Ni sekunde tisa tu. Uziangalie."

Niliziangalia. Kuna kibanda cha matawi, ua wa miiba wa mviringo, migunga sita, na mbele ya kibanda mtu mmoja mdogo kama punje ya mtama. Punje ile inainua mkono. Mara ya kwanza nilidhani anafukuza mbuzi. Niliirudia. Alikuwa ameinua mkono kabisa, ameunyoosha, na mkononi ana fimbo. Anga ilikuwa imenyooka, uzi umekaa juu ya vilima vizuri, na Ata yuko pale, kushoto, chini. Kazi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwingine leo, ingawa bila shaka ningekuwa nimekaa kiti hiki hiki.

Lakini picha ikizungushwa haibaki na umbo lake. Kila kona inabaki na pembe nyeusi, tupu, kama meza iliyofunikwa kitambaa kilichokaa upande. Nilipeleka hivyo, kona nyeusi na zote, kwa mtu wa shirika aliyekuwa anarudi Kakuma, na siku iliyofuata mchana Brayo akanipigia. Nilikuwa ninakula maharagwe.

"Buda, hii kitu inakaa aje? Iko na makona nyeusi. Nitaonyesha wazungu kitu imeraruka?"

"Nikiziondoa itabidi nivute picha karibu. Pembeni patakatika."

"Si ukate. Nani anaangalia pembeni? Watu wanaangalia katikati. Kesho asubuhi ndio shoo, gari inakupitia saa tisa, nipatie kitu clean."

Hadi saa tisa yalibaki masaa mawili na nusu. Nilivuta klipu zote karibu, moja baada ya nyingine, na kona nyeusi zikatoka nje ya fremu, na kwa kweli zilipendeza. Klipu ya mwisho niliivuta taratibu. Niliona ua wa miiba ukisogea ukingoni. Niliona mgunga mmoja ukitoka, kisha kibanda, kisha ile punje na mkono wake. Ningeweza kuiacha hiyo moja na kona zake nyeusi. Ningeweza kuisukuma picha juu, anga ikatike badala ya ardhi, ikabaki imeinama kidogo tu. Nilijaribu hilo. Vilima vilipanda juu kidogo ya uzi upande wa kushoto, kwa upana wa ukucha, na ule ukucha ukaniudhi. Nilikuwa nimenyoosha kumi na tatu. Nilijiambia nyumba ya Ata lazima iko kwenye klipu nyingine, kutoka upande mwingine, kwa sababu nani angerusha ndege nzima akampitia mtu mara moja tu? Sikurudi kuangalia. Nikarudisha picha chini, ikalala sawasawa juu ya uzi, nikaweka kwenye diski nyingine, nikamalizia maharagwe yangu. Yalikuwa bado ya moto. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisita kwa muda mrefu, lakini maharagwe yalikuwa bado ya moto.

Sifa zilifika kabla ya habari. Shirika lilimpigia Mama Nekesa kumshukuru, na yeye, ambaye hakuwahi kuingia studio ila kuangalia kama nimezima taa, aliingia akiwa amevaa aproni, akataka kuona. Nikamwonyesha klipu ya mwisho. Alishika kiuno. "Ekiru, hii umeinyoosha wewe? Hata kwa Mungu haijanyooka hivi." Akaichagua yeye mwenyewe, akaituma Kitale ikachapishwe kubwa, akanunua fremu, akaandika kwa mkono wake, na kwa siku kadhaa niliwasikia wateja upande wa pili wakiitazama na kuisifu, kabla hajaileta kuitundika studio. Wiki hiyo pia kompyuta ilijaa. Harusi ya Kalemng'orok haikuwa na pa kukaa, nikafuta klipu zote za awali za Kakuma, zile zilizolala, maana nani anahitaji kitu kilichoinama akiwa na kilichonyooka? Kadi na diski ya kwanza, pamoja na ile nakala ya kona nyeusi, Brayo alikuwa amezisafisha siku ile ile ya onyesho, kwa kazi nyingine.

Ewoi alikuja siku ya nane baada ya onyesho. Aliingia, akasimama mbele ya ile fremu akiwa amenipa mgongo. Hakuniita Bwana Kiti.

"Nipe ile ya kwanza."

"Ya kwanza ipi?"

"Iliyolala."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kugeuka, kisha akanieleza yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Kitambaa kilifungwa kwenye ukuta wa darasa la nasari. Watu walijaa mpaka madirishani. Kila nyumba ilipotokea walitaja jina la mwenye nyumba kwa pamoja, wakacheka, karani akaandika. Ata alikuwa amekaa mbele kabisa, chini, na kila klipu ilipoanza alisogea mbele kidogo, kama mtu anayengoja jina lake liitwe dispensari. Klipu ya mwisho ilipofika upande wa migunga alimshika Ewoi goti. Kisha picha ikaisha, taa ikawashwa. "Akaniuliza, 'Bado inakuja?'" Ewoi alisema. "Nikamwambia bado inakuja."

Hivyo ndivyo nilivyofika Kakuma. Niliketi nyuma ya gari la shirika juu ya magunia, jua likanipiga kwa madeni yote ya maisha yangu, na Ewoi alikaa mbele na dereva. Nyumba ya Ata ilikuwa kama nilivyoiona, ila ilikuwa na sauti na harufu, moshi na maziwa, na kuzunguka ile migunga sita kulikuwa na vigingi vipya vilivyopakwa rangi nyekundu vichwani. Ata alikuwa mwembamba, ametafuna tumbaku mpaka midomo imekuwa ya kahawia, na alinitazama kuanzia miguuni, akapanda polepole, akakaa sana kwenye tumbo.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Ata," Ewoi alisema.

Alinishika mkono akaugeuza kiganja juu. "Nilidhani aliyenikata ana panga. Huyu hata jembe halimjui." Akacheka peke yake. Kisha akanipa maziwa kwenye kibuyu, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mimi, na nilipokuwa ninakunywa akauliza, Ewoi akitafsiri pale nilipojifanya sisikii vizuri, "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Uliinua mkono."

"Nilivaa shanga zote siku hiyo," Ata alisema. "Hata za harusi yangu. Nilijipaka mafuta asubuhi. Walisema ndege inakuja kuona watu, nikasema isinikute kama mgonjwa. Ilipokuja niliisalimu." Akatema tumbaku pembeni. "Haikuitikia."

Kesho yake nilisimama mbele ya kamati kwenye lile darasa la nasari, herufi za alfabeti ukutani, wazee kwenye viti vya watoto. Afisa wa shirika alikuwa kijana mpole aliyekuwa tayari kuandika chochote ambacho kamati ingesema. Hilo nalikumbuka, kwa sababu nilikuja nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nilisema, "Mimi ndiye niliyekata. Nyumba ilikuwepo. Kona ya kushoto, chini. Nilivuta picha ili kona nyeusi zitoke, ikatoka na yeye."

Apa Lokol alinitazama kwa upole. "Umelala wapi jana, kijana wangu?"

"Kwa Ewoi."

"Umekula kwa nani?"

Nikatazama herufi ukutani.

"Umekula kwa nani?"

"Kwa Ata."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Apa Lokol hakucheka. "Basi wewe umeshaoa. Sisi tulitafuta mtu asiye na nyumba ya mtu. Tuliona makarani wawili, tulijua hiyo dawa haifanyi kazi. Ndege tuliikubali kwa sababu haijanywa maziwa ya mtu. Leo tukimsikiliza aliyekunywa maziwa ya huyu mama, kesho wako kumi nje hapo, kila mmoja na rafiki yake wa Lodwar. Hiyo picha ya kwanza iko wapi? Tuonyeshe hiyo, tutainuka sasa hivi twende tung'oe vigingi."

"Niliifuta."

"Kwa nini?"

"Nilihitaji nafasi. Kulikuwa na harusi."

Hapo hata yule wa nyuma hakucheka. Ata alikuwa mlangoni, na nilitegemea angewalaani, au angenilaani mimi. Alimwambia Apa Lokol, kama mtu anayemalizia hesabu ya kitu kilichokwisha kuuzwa, "Tulikubaliana. Nilipiga makofi na mimi." Akatoka. Neno lao walilishika. Ningependa kuwaita watu wabaya, ingenisaidia sana, lakini siku ile mle ndani mtu pekee ambaye hakuwa ameshika neno lake alikuwa mimi, na hata mimi sikuwa nimetoa neno, nilikuwa nimepokea ujumbe nusu ndani nusu nje ya mlango.

Ua wa waya ulipigwa kabla ya mwisho wa mwaka. Migunga mitano ilikatwa, mmoja ukaachwa kwa ajili ya kivuli cha mlinzi, na maganda yake yaliangukia ndani. Ata alihamia ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna mti wake hata mmoja, na mbuzi wake wakawa wanakula kwa kuombewa. Haya yote niliambiwa na madereva, kwa sababu Ewoi alinyamaza. Mama Nekesa alirudi kwao Bungoma baada ya miaka michache, akaniachia studio, plaiwudi, na ile fremu. Ningeweza kuishusha. Watu huniuliza kama ni mandhari ninayoipenda, nami husema ndiyo, kwa sababu jibu lingine linahitaji chapati mbili na mtu mwenye muda.

Jumamosi niliibeba mapajani mpaka Kakuma, nimeifunga kwa kanga. Tulimzika asubuhi, upande ule wa pili, na kutoka pale maghala yanaonekana, mabati yake yameshika kutu, lango limefungwa kwa mnyororo. Hakuna aliyekumbuka kunishtaki. Apa Lokol alishatangulia. Nilisalimiwa vizuri na watu ambao hawakunijua, nikapewa mkeka, chai ya maziwa na mandazi, na mwanamke mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mpiga picha. Nikasema hapana.

Ewoi alikuja akakaa mbele yangu. Ana mvi nyingi kuliko mimi. Alifungua kanga mwenyewe, akailaza fremu kwenye mkeka katikati yetu, akaitazama kwa muda mrefu, ule mto, vile vilima, na ile anga isiyo na kosa. Kisha akaweka kidole katikati ya picha, kwenye mchanga wa mto, akakiburuta taratibu kuelekea kushoto, chini, kama mtu anayefuata njia aliyoizoea. Kidole kilifika ukingoni. Kikapanda mbao ya fremu, kikashuka upande wa pili kwenye mkeka, kikaenda kama upana wa kiganja, kikasimama, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nimeweka chai yangu.

"Sogeza kikombe, Bwana Kiti," alisema. "Umekiweka juu ya nyumba ya Ata."

Nikakisogeza.